Mbuzi Anamngoja Migebuka

Mwezi wa saba upepo wa Sumbawanga haumjui mwenye koti wala asiye nalo, na mimi nauombea uzima, maana bila huo kahawa yangu angeinunua nani. Nauzia Katandala, kwenye kona, na benchi la wateja nililichongesha mwenyewe, ingawa wanaolikalia wanaongea kama vile wamelirithi kwa baba zao. Wananiita Mama Birika. Jina langu la Modesta limebaki kanisani. Wa kwanza kufika siku zote ni Mzee Evaristi, tunayemwita Katekista, kwa sababu amefundisha dini watoto wa mtaa huu mpaka baadhi yao sasa wana wajukuu. Anamfuata Afisa, yaani Ambwene, mtu wa Mbeya aliyestaafu halmashauri lakini kalamu bado haijatoka mfukoni. Halafu Kornel wa bodaboda, ambaye ni Redio, na hiyo redio haina pa kuzimia. Mwisho wa benchi, pale jua linapowahi kufika, ni mahali pa Mzee Zuberi, mwenyeji wa Kirando, muuza samaki wa ziwani, ndiyo maana tukamwita Migebuka. Tangu Pasaka hajapakalia. Naweka hapo sinia langu la kashata ili mtu asije akajisahau akakaa.

Jumamosi hiyo Katekista alikuja na mbuzi. Akamfunga kwenye mguu wa benchi langu bila kuniuliza, nikamwamkia, akaitikia huku anatazama ng'ambo ya mtaro.

REDIO: Shikamoo mzee. Leo umekuja na mshikaji wako?

KATEKISTA: Marahaba. Kesho Victoria, mjukuu wangu, anapata kipaimara. Huyu ndiye kitoweo.

AFISA: Kitoweo bado kinapumua. Kiutaratibu, saa hizi kilitakiwa kiwe kimeshachinjwa, kimeshachunwa, akina mama wanakatakata.

KATEKISTA: Kichinjwe na nani?

Jibu la swali hilo mtaa mzima unalijua. Kila shughuli nyumbani kwa Katekista, iwe Krismasi, Pasaka au ubatizo, mwenye kushika kisu ni Migebuka, ili yeye na watu wake nao wale bila wasiwasi moyoni. Wala haitwi. Siku ikifika anakuja mwenyewe na kisu chake kimefungwa kwenye kitambaa, anamwelekeza mnyama kibla, anasoma bismillahi, na Katekista ndiye anayeshika miguu. Imekuwa hivyo tangu wote wawili wana nywele nyeusi.

Na msidhani ni watu waliokuwa wanapatana. Mmoja ni chama tawala mpaka kwenye soksi, mwingine ni upinzani hata akiwa usingizini. Kwenye dini ndiyo usiseme. Walibishana kuhusu Nabii Isa mpaka kahawa ikapoa mikononi, nikawamiminia nyingine, ikapoa nayo. Walikuwa wateja wazuri sana kwangu. Wakimaliza, Migebuka anainuka anajikung'uta kanzu, anasema, "Haya, Mkristo wangu, tuonane kesho." Na Katekista anajibu, "Ukiamka salama, Shehe, nitakuombea." Basi.

Uchaguzi wa serikali za mitaa ndio uliotia mchanga kitumbua chao. Mtu wa Katekista alipata uenyekiti wa mtaa, na Katekista, kwa furaha ya ushindi, akamwambia mwenzake hapa hapa kwamba sasa arudi ziwani akawapigie kampeni samaki wake. Maneno ya kijiweni tu. Tulicheka wote, hata Migebuka alicheka, ila kikombe aliacha nusu. Akaendelea kuja, lakini akawa mtu wa kunywa na kuondoka. Pasaka ndiyo iliyomkata kabisa.

REDIO: Mimi nawaambia kila siku, yule mzee kahamia Mtowisa. Kuna abiria wangu kamwona huko bondeni analima mpunga, kavaa pensi.

MIMI: Migebuka kavaa pensi?

REDIO: Kule joto, Mama Birika. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

AFISA: Methali hiyo haihusiani kabisa.

REDIO: Inahusiana. Yeye si alikuja mgeni? Sisi tukapona, yeye kaondoka. Unataka nini tena?

AFISA: Hili ni suala la kiutawala. Yule amesusia. Chama chake kimetoa waraka kwamba wanachama wasusie mabenchi yote yanayokaliwa na watu wa chama kingine.

MIMI: Waraka umeuona?

AFISA: Ni wa siri. Wa siri utauonaje? Haba na haba hujaza kibaba. Wanaanza na benchi la Mama Birika, kesho stendi ya mabasi, keshokutwa Bunge lote halina mtu.

KATEKISTA: Zuberi hasusi. Zuberi akikasirika anakuja, anakaa karibu yako, anakukasirikia usoni.

Alilisema hilo kwa sauti ya kusoma somo misani, na uso ameuelekeza mtaroni. Mbuzi akageuka naye.

REDIO: Basi kaoa mke mdogo.

MIMI: Na magoti yale?

REDIO: Mapenzi hayahitaji magoti.

AFISA: Acheni utoto. Anaandaliwa kwa ubunge. Wamemweka mahali wanamfundisha kutabasamu, kukaa na waandishi wa habari, kuvaa suti. Akitoka huko hatatusalimia hata sisi.

REDIO: Sasa ngoja niwaambie ukweli wenyewe, nilikuwa naubania. Yule mzee kabatizwa. Namanyere, kimyakimya, wala hakukuwa na keki. Sasa hivi anaitwa Yohanes. Ndiyo maana anamwonea aibu Katekista. Kabishana naye miaka yote hiyo, halafu kakubali.

Afisa alicheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali. Mimi pia nilicheka, sitasema uongo. Katekista alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka, akaanza kumkuna mbuzi kati ya pembe.

KATEKISTA: Akibatizwa, mimi nitabishana na nani?

Nikaongeza kahawa kwenye kikombe chake, na birika likanipa habari kwamba limebaki jepesi.

REDIO: Lakini mzee, si mbuzi tu? Waislamu wako kibao mjini hapa. Panda hapo nyuma, nikupeleke kwa yule jamaa wa bucha, dakika moja kamaliza.

KATEKISTA: Sitafuti mchinjaji, Kornel. Namtafuta Zuberi.

Mtu akimwita Redio kwa jina lake la nyumbani, ujue mambo yamefika mahali. Hata Afisa, aliyekuwa anachezea kalamu yake, aliirudisha mfukoni.

KATEKISTA: Nyinyi mnasema amesusia, mnasema ubunge. Mimi najua. Pasaka ile nilimngoja. Wageni wamejaa, shemeji zangu wana njaa, kila mtu ananiuliza nyama iko wapi. Nikasema moyoni, haji huyu, maneno yangu ya uchaguzi yamemkaa. Nikaona aibu, na aibu ikageuka hasira. Nikampa shemeji yangu kisu, nikashika miguu. Tuko kwenye kuchuna, namwona anaingia. Mkono mmoja kisu kwenye kitambaa, mkono mwingine migebuka wakubwa wanne. Kumbe alikuwa stendi, alikuwa anangoja basi la Kirando lilete samaki wake, aniletee zawadi ya Pasaka.

MIMI: Ukamwambiaje?

KATEKISTA: Nikamwambia, umechelewa, Shehe.

Upepo ukapeperusha karatasi za kashata zangu na hakuna aliyeinama kuziokota.

KATEKISTA: Hilo tu. Akaitazama ngozi, akanitazama mimi. Akaweka samaki pale mezani, akaomba maji ya kunywa, akanywa, akaaga. Hakula kitu nyumbani kwangu siku ya sikukuu. Na wale samaki, mke wangu aliwapika jioni, nikawala. Watamu. Nikawala nalia.

AFISA: Pole, mzee.

KATEKISTA: Halafu ikaja Idd ya kuchinja. Nikasema mwaka huu sipati kitu. Saa saba mkewe huyo hapo, na bakuli la pilau, paja zima juu yake, limefunikwa kama kila mwaka. Akasema mzee anakusalimia. Mpaka leo bakuli liko kwangu. Haturudishi bakuli la mtu likiwa tupu, na mimi sijui nilirudishe na nini.

REDIO: Sasa si kesho unamwita tu, mzee? Unapiga simu, mambo vipi, njoo shughulini.

KATEKISTA: Zuberi haitwi. Wanaoitwa ni wageni. Nikimwita leo, nitakuwa nimemwambia kwamba yeye ni mgeni kwangu.

AFISA: Na yeye naye, kwa upande wake, alikuja bila kuitwa akakuta kazi imekwisha. Hawezi kuja tena bila kuitwa.

KATEKISTA: Ndiyo hapo.

AFISA: Kwa hiyo wewe huwezi kumwita, na yeye hawezi kuja.

KATEKISTA: Ndiyo hapo, nimekwambia.

REDIO: Mwenda pole hajikwai.

Hakuna aliyejisumbua kumsahihisha. Siku nyingine ningemwambia arudi shule, lakini nilikuwa natazama sinia langu la kashata pale mwisho wa benchi, jua lote limelala juu yake. Nilimkumbuka yule mzee vibaya sana. Nilikumbuka anavyopuliza kahawa kabla ya kuonja, na anavyosema kila siku kwamba kahawa yangu ni chungu na kila siku anarudi.

Hapo ndipo alipofika Mwalimu Lucia na chupa yake ya chai, anataka nimjazie kahawa. Lucia ni mgeni, amehamishwa kutoka Namanyere majuzi tu, amepanga chumba nyuma ya duka la mahindi. Aliwaamkia wazee kwa adabu, akamtazama mbuzi, akawatazama wao, walivyoinamisha vichwa.

LUCIA: Kuna msiba?

REDIO: Afadhali ingekuwa msiba, Mwalimu. Kuna mzee wetu anaitwa Migebuka, ametupotea.

LUCIA: Jamani. Tangu lini?

AFISA: Tangu Pasaka. Tunachunguza. Kuna nadharia kadhaa mezani.

LUCIA: Na kwake ni mbali?

Swali ni hilo tu. Binti wa watu hakujua anachouliza, alikuwa ameshika kifuniko cha chupa anangoja kahawa. Redio akaanza kuangalia tairi la pikipiki yake. Afisa akatoa kalamu, akairudisha. Katekista ndiyo kabisa, aliinama kufungua kamba ya mbuzi ambayo haikuwa imejikaza. Mimi nikasema ngoja nikumiminie, Mwalimu, nikainamisha birika, likatoa robo kikombe na machicha.

Kwa sababu nyumba ya Migebuka iko ng'ambo ya mtaro. Ile pale, yenye mlango wa bluu na vyungu vya mawaridi. Kuna ubao umelazwa juu ya maji, hatua chache tu, watoto wanaruka bila kuukanyaga. Ukipiga chafya kwenye benchi langu, wa kule wanakwambia afya. Kila asubuhi namsikia yule mzee anakohoa. Maana yake kila asubuhi naye anatusikia, mpunga wa Mtowisa, mke mdogo, ubatizo wa Namanyere, vyote.

LUCIA: Nimeuliza vibaya?

MIMI: Hapana, mwanangu. Umeuliza sawa. Kahawa imekwisha, nisamehe.

Katekista akasimama. Akavuta kamba, mbuzi akakataa, akavuta tena. Akaufikia ubao, akauvuka polepole maana na yeye magoti yake si ya jana, na mbuzi akamfuata kwa kuruka. Sisi watu wa benchi tukawa kimya, na Redio naye alikuwa kimya, mkitaka aminini, msipotaka acheni.

KATEKISTA: Hodi humu.

Mlango wa bluu ukabaki umefungwa.

KATEKISTA: Hodi, Shehe. Nimekuja kukuita.

Mbuzi akaanza kula waridi. Nilimwona Katekista kwa nyuma, mabega yamemshuka ndani ya koti, kofia ameishika mkononi kama mtu aliyefika mbele ya altare. Nikasema moyoni, Mungu wangu, fungua huo mlango, nami nitawapa kahawa bure wiki nzima.

Sauti ikatoka ndani, kavu, ya mtu ambaye hajaongea sana siku nyingi.

— Umechelewa, Mkristo wangu.

Katekista hakuondoka. Alibaki pale pale na kamba yake, mpaka tukaanza kusikia mlio kutoka uani kule, chuma juu ya jiwe, kinakwenda na kurudi, kinakwenda na kurudi.

AFISA: Hicho kisu anakinoa kwa ajili ya nani?

MIMI: Kwa ajili ya mbuzi, Afisa. Kaa chini.

Hakukaa. Tulikuwa wima sote, hata Mwalimu Lucia na chupa yake tupu. Kisu kikatulia kidogo, kama mtu anakipima kwa kidole gumba, na ile sauti ikapanda tena juu ya ukuta, ikavuka mtaro mpaka kwetu.

— Na mumwambie huyo Redio mimi siitwi Yohanes.

Nikainua sinia la kashata, nikapafuta pale mwisho wa benchi kwa upindo wa kanga yangu, kisha nikaenda kuchochea moto.