Bi Nukta na Maandiko Elfu Kumi na Moja Yaliyovuka Salama

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi, Bi Nukta anastaafu. Anaondoka akiwa mzima wa afya, na bado ndiye mtu pekee katika kituo chetu cha jamii anayejua kwa nini mashine ya kuchapishia hugoma kila Jumatatu.

Aliajiriwa kama mpiga chapa. Watu walimletea hotuba, maombi ya kazi na barua za mapenzi, na zote alizipiga chapa bila kucheka, sifa ambayo wengi wetu hatuna. Kompyuta ya kwanza ilipofika, tuliikwepa kama mgonjwa wa surua. Yeye aliketi nayo, akasoma kitabu cha maelekezo jalada hadi jalada.

Miaka kumi na sita iliyopita alifungua tovuti ya blogu ya kituo, ambapo mkazi yeyote angeweza kupata ukurasa wake na kuandika. Kinyozi aliandika kuhusu wateja wanaosinzia kitini. Mkunga mstaafu aliwashauri wazazi wapya. Fundi viatu, ambaye sasa ni marehemu, alisimulia kila Ijumaa habari za viatu na wenyewe. Hakutaja mtu, lakini kila mtu alijijua. Mwanzoni simu zililia kutwa kwamba tovuti haifunguki, naye akawa anamuuliza kila apigaye kama ameweka nukta kwenye anwani. Jina likamganda.

Miaka mitatu iliyopita programu inayoendesha tovuti ilizeeka. Ukurasa ulifunguka kwa kujikongoja, herufi kwenye simu zilikuwa ndogo kama chawa, na matangazo ya kamari yalijaa kwenye maoni. Kisha watengenezaji wakatangaza kuwa toleo letu hawatalihudumia tena. Wataalamu tuliowaita walikagua kwa nusu siku, wakashauri tufute kila kitu na kuanza upya. Kamati ilikuwa imeshaanza kuitikia kwa vichwa pale Bi Nukta, ambaye kwenye vikao husikiliza tu, aliposimama.

"Hizo mnazoziita takataka za zamani ni watu," alisema. "Nipeni wiki sita. Nikishindwa, kitufe cha kufuta nitakibonyeza mwenyewe."

Alitengeneza nakala ya tovuti nzima, akaiweka kwenye kompyuta kuukuu ya chumba namba nne na kufanyia majaribio humo. Toleo letu halikuweza kurukia la sasa kwa mkupuo mmoja. Ilibidi alipandishe matoleo manne, moja baada ya jingine. Jaribio la kwanza lilileta ukurasa mweupe pe. La pili lilileta maandiko yote, ila kila ritifaa iligeuka alama ya kuuliza, ikawa hakuna ng'ombe wala ng'ambo inayosomeka. Mkunga alicheka kwamba ng'ombe wake sasa wana maswali. Bi Nukta hakucheka. Wiki ya nne aligundua kuwa hifadhi ya zamani na programu mpya zilisoma herufi kwa mipangilio tofauti, akaandika maelekezo mafupi ya kuzipatanisha.

Hapo ndipo alipoanza kuikata programu kwa vipimo vyetu. Alitafsiri kila kitufe na kuwauliza watumiaji. Kinyozi alikataa "Wasilisha", akidai neno hilo linanuka ofisi. Leo kitufe kinasema "Tuma". Mkunga alipata kitufe cha kukuza herufi. Maoni ya wasiojulikana yakawekewa mlango wa kusubiri, na kamari ikaishia hapo.

Jumamosi ya wiki ya sita, saa nne asubuhi, aliifunga tovuti. Saa saba kasoro robo akaifungua, sisi sote tukiwa tumejazana nyuma ya kiti chake. Maandiko ya zamani yalikuwa 11,462. Mapya, 11,462. Ukurasa ulifunguka kufumba na kufumbua, nasi tukapiga makofi hadi mlinzi akaja kuuliza kulikoni.

Mjane wa fundi viatu alikuwa ameketi karibu na mlango tangu asubuhi, simu mkononi. Alitafuta ukurasa wa mumewe, akausoma.

"Yupo," alisema hatimaye. "Hata makosa yake ya herufi yapo."

Bi Nukta aliinuka, akaenda kukaa naye. Nilimwona akifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Tangu siku hiyo waandishi wetu wameongezeka kutoka mia moja na arobaini hadi karibu mia nne, na vituo viwili vimekuja kujifunza kwake. Ametuachia mwongozo wa kurasa arobaini na wasaidizi wawili aliowanoa barabara. Mumewe, dereva mstaafu, ametuomba tusimpigie mkewe simu kabla ya saa tatu asubuhi.

Kwa miaka yote kumi na sita aliyolinda maneno ya wengine, yeye mwenyewe hakuandika hata mstari mmoja. Juzi alijifungulia ukurasa. Bado ni mtupu, na tayari wasomaji mia mbili na kumi wamejiandikisha kuusubiri.

Bi Nukta, ahsante kwa kila neno ulilotuokolea. Pumzika kwa raha na afya njema, na ukiwa tayari, bonyeza "Tuma".