Wasifu wa Mchumi, Aliyemaliza Kulipa Shahada Yake

Kwa majonzi mazito na heshima zote zinazostahili, familia inatangaza kuwa msomi wa kwanza wa ukoo huu, na hadi sasa wa mwisho, ametutoka.

Marehemu, tuliyemwita Mchumi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1979, mtoto wa pili wa mama muuza mitumba na baba dereva wa lori. Shuleni alikuwa na akili za kutisha. Mwaka 2001 aliingia chuo kikuu kusomea uchumi kwa mkopo, na mwaka 2005 akahitimu. Uchumi aliujua wote. Kazi ya uchumi ndiyo haikumjua.

Mwaka 2006 aliajiriwa katika duka la fotokopi mbele ya geti la chuo kilekile. Humo alitoa nakala za fomu za mikopo za wanafunzi wapya, wadogo zake wa chuo.

"Mdogo wangu, soma ukurasa wa nyuma kwanza," alikuwa akiwaambia.

"Kaka, nina haraka, wanafunga saa kumi."

"Hata mimi nilikuwa na haraka."

Mwaka huohuo alimwoa mke wake, fundi cherehani. Kikao cha posa hakikuchukua muda.

"Una nini, kijana?" aliuliza mjomba wa binti.

"Nina shahada."

"Na nini kingine?"

"Deni la shahada."

Mjomba alicheka hadi akapaliwa, akasema angalau bwana harusi si mwongo.

Mungu aliwajalia binti mmoja. Siku alipozaliwa, marehemu aliapa mbele ya wakunga kwamba mtoto huyu hatakopa asome. Mpango wake ulikuwa mwepesi: amalize deni lake, kisha mshahara wote uwe ada ya binti. Lakini kila alipolipa, riba ilikuwa imemtangulia, imekaa, imekunja nne, inamsubiri.

Mwaka jana alianza kuugua presha, ikafuatiwa na figo. Binti alikuwa kidato cha mwisho, muda ukambana, marehemu akaanza kunywa dawa siku moja na kuruka ya pili. Nusu ya hela ya dawa ikaenda kwenye deni.

"Nani alikwambia upunguze dozi?" daktari alifoka.

"Bajeti."

Alilazwa mwezi Julai. Ofisi ya mikopo ilipopiga simu, mke wake alipokea.

"Hawezi kuongea, ana mpira wa oksijeni puani."

"Sawa mama. Akiutoa, atupigie."

Mchumi alifariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 14 Agosti 2025. Ameacha mama, mke na binti aliyechaguliwa kusomea uchumi. Tulijaribu kumshauri. Alale salama, mahali ambapo simu haina mtandao.

Mama ameomba maneno ya mwisho ya mwanawe yasomwe kama yalivyosemwa. Jumanne, siku mbili kabla ya kifo, wodini, binti aliingia mbio, fomu mkononi, anahema.

"Baba! Malipo ya mwisho yamepokelewa, huna deni tena! Wanasema mwenye deni haruhusiwi kudhamini mtu, lakini wewe sasa ruksa. Unaweza kunidhamini, baba, nikope!"

Mke wake aligeukia ukutani. Marehemu aliitazama fomu ile, upande wa mbele na wa nyuma, akausogeza mpira wa oksijeni pembeni.

"Lete kalamu."