Kanda ya Ijumbi Haijachezwa Bado

Mheshimiwa Diwani, Baba Paroko, Mama Sushila, Ndugu Ashish mwenyeji wetu, wafanyakazi wa Rasiklal Video, ndugu wageni waalikwa, na wewe Vestina, ambaye leo tumekuja kukuaga:

Habari mpya ninayo, na aliyenipa ni Ndugu Ashish. Leo saa nne asubuhi amethibitisha kwamba mashine ya kusoma kanda ndogo imerudi kutoka kwa fundi Mwanza, na imecheza kanda ya majaribio kwa dakika kumi na mbili bila kukwama. Kanda ya Ijumbi bado haijaguswa.

Wengi wenu hamjui kanda ya Ijumbi ni nini. Kadi ya mwaliko imetaja mambo mawili tu: kufunguliwa kwa studio hii mpya, na kustaafu kwa Bi Vestina Rutashobya, mhariri wa picha kwa miaka ishirini na saba. Studio mmeiona. Mmeona kamera nne, droni, taa zisizomtoa bibi harusi machozi, na kompyuta zinazomaliza kwa saa moja kazi iliyokuwa ikimchukua Vestina siku tatu. Mimi ni mwandishi wa habari, nimetumia picha za nyumba hii tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na nimeombwa niseme juu ya Vestina.

Vestina alikuwa hodari wa kunyamazisha. Jogoo akiwika katikati ya kiapo, Vestina alimwondoa. Mvua ikipiga bati, kikohozi, jenereta, mjomba aliyelewa mapema, vyote viliondoka. Na mkanda wa harusi ulipokuwa tayari, aliondoa hata sauti zilizobaki, za wazee waliokuwa wakisema na watoto wao, akaweka wimbo uliokuwa ukivuma mwaka ule, mwanzo hadi mwisho. Ndivyo kazi ilivyofanyika, hapa na kwingineko. Nani kati yetu hakuutaka wimbo huo? Nani alirudisha mkanda wake dukani akasema, nirudishieni maneno ya mama?

Mmoja alirudisha. Ameketi safu ya pili, anaitwa Restituta, na amenipa ruhusa ya kusema haya.

Restituta aliagwa kwao Ijumbi, Muleba, Jumamosi ya tarehe 12 Septemba 2009. Mama yake, Alistidia, alisimama akamwambia maneno kwa Kihaya kwa dakika nne na sekunde kumi. Machi iliyofuata Alistidia alifariki. Mwaka 2011 nilikuwa kaunta nikisubiri picha za gazeti, Restituta akaingia na diski yake.

"Dada Vestina, niondolee huu wimbo."

"Wimbo hauondoki, mama. Tulitoa sauti ndipo tukauweka."

"Mkaitoa mkaipeleka wapi?"

Kanda za harusi zilifutwa na kutumika tena wiki mbili baada ya mteja kuchukua mkanda wake. Vestina akamwambia ukweli huo. Restituta akashukuru, akachukua diski, akaenda zake. Sikuandika habari hiyo, kwa sababu sikuiona kuwa ni habari.

Ndugu zangu, tangu hapo nyumba ile ya Ijumbi imeishi na mama anayefungua kinywa na kutoa sauti ya mwanamuziki. Baba yake Restituta, Mzee Rwegasira, aliutazama mkanda huo kila Jumapili baada ya Misa. Nilialikwa mara moja nikawakuta wanabishana, maana maneno ya siku ile kila mmoja aliyakumbuka vyake.

"Hapo anasema, mkwe asiache kibanja cha migomba kiote majani," alisema mzee.

"Tata, wewe kila kitu kibanja! Hapo ananiambia Krismasi nije nyumbani."

"Mama yako hakuwa mtu wa kubembeleza."

"Kwako."

Mzee alicheka mpaka akaomba maji. Kisha akasema, "Rudisha nyuma kidogo, nimwone tena." Kila mmoja alikuwa ametia katika kinywa kile neno alilokosa. Tangu mwaka jana macho ya Mzee Rwegasira hayaoni tena skrini. Jumapili runinga huwashwa, yeye huketi mbele yake, na kinachomfikia ni ule wimbo.

Sasa nirudi nyuma kwenye kosa, maana pasipo kosa hili nisingekuwa na la kusema. Nyumba hii ilikuwa na sheria ya Mama Sushila, aliyekuwa akiiongoza wakati ule: kanda ya msiba haifutwi. Mama, utanisahihisha nikikosea. Siku tatu baada ya sherehe ya Ijumbi, mpiga picha Clavery alitumwa kwenye mazishi ya Mwalimu Rwekaza, Kitendaguro. Akafika, akafungua mkoba, akakuta kanda tupu amezisahau dukani. Iliyokuwamo ndani ya kamera ni ya Ijumbi, ikiwa imebaki dakika ishirini na mbili. Akapiga mazishi kwenye dakika hizo.

Aliporudi, Mama Sushila alimfokea hadi wateja wakatoka nje.

"Clavery, wewe! Harusi na maiti kanda moja?"

"Mama, kamera nilikuwa nayo, kanda sikuwa nayo. Ningemwambia marehemu asubiri?"

Vestina alinakili alichohitaji, na kanda ikapelekwa kwenye sanduku la misiba. Mwezi Mei mwaka huu, wakati wa kuhamia jengo hili, alilifungua sanduku hilo. Juu ya kanda moja aliona "Mwl. Rwekaza, Kitendaguro." Chini yake, kwa penseli ya Clavery: "na Ijumbi, kuaga."

Kwa miaka kumi na sita, marehemu wa Kitendaguro amemlindia sauti marehemu wa Ijumbi. Hawakujuana.

Je, sauti imo? Nimemuuliza Clavery, ambaye siku hizi analima vanila Ijuganyondo. Alinijibu: "Vinasa sauti nilivikagua, na nilikuwa nimevaa spika za masikioni. Nilisikia mama anasema. Maneno sikuyashika, nilikuwa nawazia betri." Huo ndio ushahidi wote tulio nao. Fundi wa Mwanza ameonya kwamba kanda ya umri huu huenda ikacheza mara moja tu, kisha ikakatika. Kwa hiyo itachezwa na kunakiliwa kwa wakati mmoja.

Ndugu Ashish alitaka ichezwe hapa leo, kwenye skrini hii kubwa, ifungue studio. Vestina alikataa. Alisema, "Mwenye kuisubiri hayupo hapa, yuko Ijumbi." Ashish akamkumbusha kwamba mkataba wake unakwisha leo saa kumi na moja jioni. Akamuuliza, kesho ataishika kanda ya kampuni kama nani?

"Kama mtu aliyemnyamazisha mama wa watu," alisema Vestina.

Ashish akamruhusu aende nayo. Ameagiza pia kwamba kuanzia leo, sauti ya kila mzazi anayezungumza mbele ya kamera za nyumba hii itatunzwa kama ilivyo, jogoo na mvua vikiwemo. Nimeliona agizo hilo ukutani, limetiwa saini.

Bi Vestina, wenzako watakushukuru kwa kazi nyingi. Mimi nakushukuru kwa kulifungua sanduku na kusoma hadi mstari wa pili. Mheshimiwa Diwani, Baba Paroko, ndugu wageni, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Kwa siku ya leo ni zawadi isiyo ndogo.

Gari la Ijumbi linaondoka hapa mlangoni kesho Jumamosi, tarehe 29 Novemba, saa moja na nusu asubuhi. Vestina ataipakata mashine. Mzee Rwegasira ameomba runinga isiwashwe. Ametaka spika tu, na kiti chake kisogezwe karibu. Kanda itachezwa saa nne.