Uso wa Odile kwenye Bamba la Shaba

Ndugu waombolezaji, mimi ni Firmin Grandidier, mwoka mikate wa Gérardmer, mdogo wake Odile, mjane wetu, na familia imenituma niusome wasifu huu kwa sababu, wanasema, hakuna aliyegombana na marehemu muda mrefu kuliko mimi.

Shemeji yangu Anselme Thouvenel alizaliwa tarehe 11 Machi 1938 mjini Épinal, akasoma hapo hapo huku akichora pembezoni mwa kila daftari mpaka mwalimu akachoka kumchapa, na mwaka 1955 akaingia chuo cha sanaa cha Nancy, akajifunza kuchonga picha kwenye bamba la shaba, ambalo hupakwa wino na kuchapwa kwenye karatasi. Mwaka 1959 alipelekwa jeshini Algeria, akarudi mwaka 1961, na ya huko hakuyasema, ila tangu hapo hakuweza kukaa mezani mpaka chakula kiishe.

Alifanya kazi Paris, akichora picha za vitabu, akahama nyumba kila tulipozoea anwani yake, na kila kitabu kilichelewa, kwa maana mchapishaji alipokuja kuchukua bamba lililokamilika alimkuta Anselme ameshaanza kulikwangua upya. Alikuwa hodari kuliko wenzake wote, nalisema hili kwa shingo upande, na alituchosha sote.

Tarehe 6 Juni 1964 alifunga ndoa na dada yangu, wakajaliwa Solange mwaka 1966 na Didier mwaka 1969, na mwaka ule ule wa harusi alianza kuchonga uso wa Odile. Odile hakuwahi kumwomba koti wala safari, aliomba picha hiyo moja tu, iliyokwisha, aitundike sebuleni, lakini kila tulipodhani imekwisha Anselme alikwangua shavu au paji la uso, akaligonga bamba kwa nyuma kwa nyundo ili shaba iinuke pale alipokwangua, akaanza tena, akisema, "Uso wake umeshasogea." Nilimwambia, "Shemeji, mwache dada yangu azeeke kwa raha zake!" naye akanijibu, "Wewe kaoke mikate yako, hiyo angalau huwa inaiva."

Walirudi Nancy mwaka 1998, wakadumu hapo, jambo lililotushangaza. Oktoba 2011 moyo wake ulianza kumsumbua, akalazwa, akaruhusiwa Januari, na jioni ya tarehe 18 Februari 2012 alilichukua lile bamba, ambalo kwa kukwanguliwa lilikuwa limebaki jembamba, akayakwangua macho yote mawili ya ule uso, akamwambia mkewe, "Nitayarudisha kesho." Asubuhi yake Odile alimkuta ameshafariki. Nilimkasirikia maiti, Mungu anisamehe.

Solange, ambaye kazi hii alifundishwa na baba yake, alitaka kuyachonga macho mwenyewe, nami nilimhimiza afanye hivyo kabla ya mazishi, ili mama yake apate picha aliyoingoja ndoa nzima, lakini leo asubuhi, tukiwa tumeshavaa makoti ya kuja kanisani, Odile alisema bamba lichapwe lilivyo. Solange akapaka wino, akazungusha mashine ya kuchapia, karatasi ikatoka na dada yangu mzima, mikunjo yake yote, na weupe mtupu mahali pa macho. Nikasema, "Dada, utatundikaje picha isiyo na macho?" Akasema, "Macho ninayo mwenyewe, Firmin. Lete msumari."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia mgonjwa asiyelala kitandani, wachapaji na wachoraji wenzake waliofika kutoka Paris, na zaidi majirani wa ghorofa ya chini, waliosikia ile nyundo miaka yote hii wakapanda kuwagongea mlango mara chache tu.

Shemeji, picha yako iko ukutani, msumari nimeupigilia mimi, na Odile amesema hakuna wa kuigusa tena. Umesikia? Hakuna. Basi tulia, upumzike kwa amani.