Dzombo Supa na Safari ya Jego

Hodi majumbani kwenu, wasikilizaji wapendwa. Uliye jikoni, punguza moto, chungu hakitakimbia. Uliye barabarani, nisikilize hivyo hivyo, lakini macho yawe mbele. Leo tunamkumbuka Mzee Dzombo Mwero wa Kombani, aliyefariki Alhamisi iliyopita akiwa na umri wa miaka sabini na moja. Dzombo Mwero, dereva wa pikapu. Kutoka Diani hadi Vanga mlimjua kwa jina la Dzombo Supa. Jina hilo mlimpa kwa utani. Yeye hakulipenda, na leo nitawaambia sababu.

Mzee Dzombo alizaliwa Jego, kule kusini kabisa. Babake alifariki yeye akiwa bado ananyonya. Alilelewa na mamake, Bi Mwanarusi, pamoja na dada yake mkubwa, Bi Mwanatumu. Watoto walikuwa wawili tu. Kwa hiyo mwana wa kiume wa Bi Mwanarusi alikuwa mmoja, naye ndiye Dzombo.

Ujanani alikwenda Diani akawa dereva wa mzungu mwenye shamba la minazi. Mwaka wa uhuru, 1963, mzungu yule alifunga virago. Pikapu yake akamuuzia Dzombo. Siku ya kumkabidhi ufunguo alimwachia agizo: gari hili litie supa tu, ukitia petroli nyingine utaiua injini. Dzombo akalishika neno lile kama wasia.

Nyinyi vijana mnaojaza tangi bila kuuliza, ngojeni niwaeleze. Pampu zilikuwa mbili. Moja ya petroli ya kawaida, moja ya supa. Magari mengi ya huku kwetu yalikunywa ya kawaida, na nazi zikafika sokoni. Pikapu ya Dzombo ilibeba nazi na machungwa kutoka Kombani hadi Likoni, na ilikunywa supa. Ukimshauri atie ya kawaida, anakutazama kana kwamba umemwambia ampe mgeni kiporo. "Mzungu alitia supa, nami natia supa," alikuwa akisema. "Uhuru si tumeupata? Mimi nimepungukiwa nini?" Watu wakacheka, na jina likaganda. Mimi simlaumu kwa hilo. Mwaka ule kila mtu alikuwa na chake cha kuringia.

Sasa tufike mwezi wa Juni, 1964. Bi Mwanarusi alifariki Jego, alfajiri. Habari zilimfikia Dzombo Kombani saa tatu asubuhi, zimeletwa na dereva wa lori. Mazishi yalikuwa baada ya sala ya adhuhuri.

Wasikilizaji wapendwa, mnajua desturi yetu. Maiti hacheleweshwi. Na mama anapozikwa, mwanawe wa kiume hushuka kaburini, akampokea kwa mikono yake na kumlaza. Ni heshima ya mwisho, haina kesho wala badala. Bi Mwanarusi alikuwa na mwana mmoja tu wa kuifanya kazi hiyo.

Dzombo alikimbilia pikapu. Mshale wa mafuta ulikuwa umelala chini kabisa. Basi la Vanga lilikuwa limekwisha kupita. Akaisukuma pikapu hadi kituoni, kwa Menza, rafiki yake aliyekuwa akiuza petroli pale. Mzee Menza bado yuko hai, nami nilimkuta juzi nyumbani kwake. Alinisimulia hivi: "Nilimwambia, Dzombo, supa imekwisha, lori linaleta nyingine mchana. Chukua ya kawaida, ndugu yangu, ukamzike mama. Mpira wa pampu nilikuwa nimekwisha kuushika mkononi. Yeye akafunika mdomo wa tangi kwa kiganja. Akaniambia, Menza, injini ikinifia Lungalunga, nitafika kwa miguu? Bora ningoje nifike."

Bora angoje afike. Nimelifikiria sana neno hilo. Halikuwa la maringo, maringo yalikuwa yamemtoka asubuhi ile ile. Lilikuwa la hofu. Aliogopa kumkosa mamake, na hofu hiyo ndiyo iliyomkalisha juu ya jiwe pale kituoni, kwa muda wa karibu saa tatu, akiitazama barabara ya Likoni. Supa ilifika saa sita.

Kule Jego, jeneza lilikuwa tayari. Wanaume walikuja mlangoni wakamuuliza Bi Mwanatumu, kwa kuwa ndiye mkubwa: tumngoje Dzombo, au twende? Bi Mwanatumu mwenyewe alinieleza alichojibu. "Nilisema mchukueni. Mazishi hayangoji gari. Nilikuwa na hasira naye, mwanangu. Nilisema moyoni, huyo yuko Kombani anapangusa pikapu yake. Sikujua kuwa amekaa juu ya jiwe analia."

Basi wakamchukua. Aliyeshuka kaburini alikuwa mjomba wao, Mzee Boga, ndugu wa Bi Mwanarusi. Dzombo alifika saa nane unusu. Alikuta kaburi limekwisha kumwagiwa maji, na wanaume wananawa mikono. Alimwendea mjomba wake akamuuliza, "Mjomba, mayo, mama yangu, alikuwa mzito?" Mzee Boga akamjibu, "Mwepesi, mwanangu. Mwepesi mno." Na tangu siku hiyo, kila alipokwenda Jego, alimuuliza mjomba wake swali lile lile, kama mtu anayeomba asimuliwe tena safari ambayo yeye hakwenda. Mjomba akamjibu vile vile, mpaka naye akafa.

Juma moja baada ya mazishi, Dzombo aliipeleka pikapu kwa fundi mmoja wa Likoni, Kahindi. Alimwambia, "Fundi, nitazamie injini hii. Ningetia ya kawaida, ingenifikisha Jego?" Nadhani mnaelewa alichokuwa akikitafuta. Alitaka aambiwe hapana. Alitaka aambiwe kuwa ingekufa njiani, kwamba hata angefanyaje asingefika. Kahindi alikuwa mtu mkweli, na siku hiyo ukweli wake ulikuwa mchungu. Alifungua, akatazama, akasema, "Hii? Ingekupeleka Jego na kukurudisha. Pengine ingetoa mlio wa kugonga kidogo penye mlima, ungepunguza mwendo, yakaisha."

Nimemuuliza fundi wa siku hizi anieleze, nami nawaeleza kama nilivyoelewa. Supa haiongezi nguvu. Ni petroli isiyowaka upesi inapobanwa, basi inazifaa injini zinazobana sana. Injini isiyobana sana haina haja nayo. Pikapu ya Dzombo haikuwa na haja nayo hata siku moja. Mzungu alisema alivyosema, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Dzombo alitoka kwa Kahindi, akaenda akajaza tangi petroli ya kawaida. Hakutia supa tena maisha yake yote. Na akaanza kazi ile mliyomjua nayo. Ukifiwa, popote kutoka Kombani hadi Vanga, Dzombo alikuchukua. Hakuuliza nauli. Aliacha nazi chini, akakwambia, "Panda, tutafika." Mimi mwenyewe alinipeleka Msambweni kumzika bibi yangu, na njia nzima alikanyaga mafuta tu. Watu wakaendelea kumwita Supa, na yeye akaitikia kwa adabu. Bi Mwanatumu anasema kila alipolisikia jina lile uso ulimnyauka. Alimtamani mamake miaka arubaini na mitano. Alitamani uzito wake mikononi mwake.

Alhamisi iliyopita, Mzee Dzombo alifariki nyumbani Kombani, alfajiri. Mazishi yakapangwa baada ya adhuhuri. Mwanawe wa pekee, Matano, anafanya kazi mji wa Mackinnon Road, ng'ambo ya kivuko cha Likoni. Alipata habari, akatoka mara moja, lakini akakwama kwenye foleni ya feri. Sala ikasaliwa, saa ikafika, jeneza likanyanyuliwa. Ndipo Bi Mwanatumu, ambaye miaka hii alikuwa akiishi kwa nduguye, alipokwenda akakaa kizingitini. Akajaza mlango mzima kwa kanga zake.

"Leo tutangoja," alisema.

Mzee mmoja akamwambia kwa upole, "Bibi, sunna ni kuharakisha."

"Naijua," akajibu. "Niliharakisha mara moja."

Hakuna aliyemruka. Waliteremsha jeneza, wakakaa. Walingoja hadi karibu na alasiri. Matano alifika mbio, viatu mkononi, mwili umejaa vumbi, akatawadha, akaenda na wenzake. Alishuka kaburini, akampokea babake.

Wasikilizaji wapendwa, kwa Bi Mwanatumu, kwa Matano, na kwa jamaa wote wa Kombani na Jego, sisi hapa studioni tunawapa pole kwa moyo wote. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mola amlaze mahali pema Mzee Dzombo Mwero, na amkutanishe na mamake.

Na wewe uliye na mama, ambaye unangoja likizo, unangoja gari litengenezwe, unangoja mambo yakae sawa ndipo uende. Tia chochote kilichoko kwenye pampu. Nenda leo.