Mchezaji wa Kujaza Nafasi

Assalaam aleikum. Na wenzangu wa kanisani, Bwana asifiwe. Mwenyekiti wa kikundi chetu hiki cha wanaouguza nyumbani alisema nisimame, nami nikamwambia kwa urefu huu panka ya darini itaninyoa. Lakini basi, nimesimama. Mtanivumilia, maana mimi si msemaji.

Wengi wenu mwanijua kama yule mrefu wa Junda anayewafundisha watu kuinua wagonjwa wao nyumbani. Kazi yangu ya zamani hamuijui. Nilikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu wa kulipwa. Msijisumbue kulikumbuka jina langu, hamjapata kulisikia. Kwenye mchezo kuna nyota, na kuna sisi wa kujaza nafasi. Mtu akivunjika kidole Kampala, mimi ndiye nilikuwa napigiwa simu. Mkataba wa msimu mmoja, pengine nusu msimu. Nilicheza Nairobi, nikaenda Kampala, Kigali, Dar es Salaam, nikarudi Kampala kwa klabu nyingine ambayo zamani ilikuwa hasimu yangu, na mwisho Lusaka. Jezi nilipewa ya mtu aliyeondoka. Jina lake limebanduliwa mgongoni, gundi ingali inanata.

Kazi yangu ilikuwa kusimama chini ya kikapu na kusukumana na watu wazito, ili nyota apate mpira. Mwanzoni niliipenda, wallahi. Kisha nikaacha kuipenda, wala sijui ni lini. Tuliwahi kushinda kikombe, wenzangu wanalia, wanakumbatiana, mimi nimeketi nafungua kamba za viatu na kuwaza kama hotelini watakuwa wametubakishia chakula. Nilidhani huko ndiko kukomaa.

Mke wangu alinipigia simu nikiwa Lusaka. Akasema, "Nimechoka kuolewa na simu. Naomba talaka yangu."

Nikamwambia, "Sawa."

Akangoja. "Huna neno jingine?"

Nikamwambia kocha ananiita. Na kweli alikuwa ananiita.

Ndugu zangu, nawaambia, mtu anaweza kuishi hivyo muda mrefu na watu wakamsifu kwa utulivu wake. Makocha walinipenda kwa sababu sikuwa na maneno.

Goti lilikatika huko huko Lusaka, mazoezini, si mechini. Niliruka, nikashuka, nikasikia kama kitambaa kinachanwa. Nilipasuliwa, nikarudishwa chumbani. Baada ya siku chache meneja akaja, akalitazama goti, hakunitazama mimi. "Utacheza lini?"

"Daktari anasema si msimu huu."

"Basi pole. Chumba hiki kina mwenyewe sasa."

Mwenyewe alikuwa amesimama kwenye ujia na begi lake, kijana mrefu kutoka Kongo. Alinisalimu kwa adabu, akanisaidia kuteremsha mzigo. Sikumchukia. Nami nilishawahi kusimama pale pale, nikingoja mtu mwingine atoke.

Nikarudi nyumbani, nikashuka Miritini kwa treni ya kutoka Nairobi nikiwa na magongo. Dada yangu mkubwa alikuja kunipokea. Njia nzima hadi Junda alinieleza jinsi baba yetu alivyopigwa na kiharusi, upande wa kulia umekufa, maneno hayatoki. Habari zenyewe nilishaambiwa kwa simu. Nilikuwa nimesema sawa.

Wiki za kwanza nililala nikitazama ukuta. Sikuwa na huzuni. Ningekuwa na huzuni ningejua la kufanya nayo. Nilikula nikiletewa, na nikilala hata ndoto sikuota.

Goti lilipoanza kubeba uzito na magongo nikayaweka kando, dada akaja kusimama mlangoni asubuhi moja, mikono imejaa povu la sabuni.

"Mgongo wangu umekwisha," akasema. "Baba anataka kuogeshwa. Weye una mikono. Inuka."

"Goti langu..."

"Sikukuuliza goti. Nimesema inuka."

Basi nikainuka. Tangu hapo kila asubuhi nikawa nambeba baba kumpeleka bafuni. Namna ya kumbeba niliijua bila kufundishwa: miguu mbali mbali, kiuno chini, mgongo wima, kifua karibu na mtu. Ndivyo nilivyosimama chini ya kikapu maisha yangu yote. Nilimwosha, nikamfuta, nikamvisha shuka.

Siku moja sakafu ilikuwa na sabuni. Nilipomsimamisha baba, mguu wake mzima ukateleza. Nikamkumbatia, tukaenda chini pamoja, mimi nikatangulia ili yeye aangukie juu yangu. Goti likajikunja vibaya. Tukabaki hapo sakafuni, maji yanamwagika, baba yangu mzima kifuani kwangu.

Dada akaita kutoka jikoni, "Kuna nini huko?"

Baba akageuza uso. Mdomo ukahangaika muda mrefu. Kisha akasema, kwa vipande, "U... meu... mia?"

Miaka yote ile, nawaambia, kila nilipoumia watu waliniuliza tu nitacheza lini. Nami nilikuwa nimeacha hata kujiuliza mwenyewe.

Nikasema, "Ndiyo, baba. Nimeumia. Nimeumia sana."

Sikulia. Natamani ningewaambia nililia, ushuhuda ungependeza zaidi. Ila maumivu niliyasikia. Ya goti kwanza, makali, halafu ya yule mwanamke aliyengoja neno kwenye simu. Yalikuja yote mle bafuni, na nilikaa nayo hadi dada alipoingia akatuinua sote wawili huku akitugombeza.

Baada ya hapo nilikwenda kwa yule dada wa mazoezi ya viungo ambaye leo ameketi pale mbele. Alilinyoosha goti langu, kisha akaniuliza kama naweza kumwonyesha mama mmoja wa Kisauni jinsi ya kumwinua mumewe. Ndivyo kazi hii ilivyoanza.

Baba alifariki kabla ya Ramadhani. Niliingia na wenzangu kumwosha. Shehe alitaka kutuelekeza, akaona mikono yangu inajua, akaniachia. Siku hiyo niliumia, na nilijua ninaumia.

Namshukuru dada yangu, ambaye hakuniuliza goti. Nawashukuru ninyi mlionipa kiti bila kunitaka maneno. Nilichojifunza ni kidogo: wewe usiyesikia uchungu wala furaha, usingoje moyo uamke ndipo ufanye kazi. Shika kazi iliyo karibu, moyo utakukuta hapo.

Na wewe ndugu wa safu ya nyuma, uliyekuja leo mara ya kwanza na bado hujafungua mdomo. Nimeambiwa anayeugua ni mama yako. Usiseme kitu. Nielekeze nyumba tu, kesho asubuhi nitakuja, tumwinue pamoja.