Huzuni Isiyo na Msiba

“Kaka yako Prosper hana usingizi, hana hamu ya kula, hana hata nguvu za kuoga,” mama mmoja alimwambia wifi yake, Tabea, mbele yangu kwenye gari la kwenda Olmotonyi. Kondakta akapunguza redio, nadhani si kwa heshima.

“Huzuni ya nini, wifi, na hajafiwa? Angefiwa tungejaa kwenu na viti.”

“Ni sonona, ugonjwa kabisa. Daktari amemfundisha, wazo likimjia kwamba yeye ni mzigo kwetu, aliulize ushahidi uko wapi. Sasa akiliuliza, anatazama mlango, na tangu Pasaka hamjakanyaga kwetu. Wazo linashinda.”

“Tuje kufanya nini?”

“Msibani huwa mnafanya nini? Si mnakaa tu?”

Gari lilisimama Sakina, anakoishi Tabea. Kondakta akamwita mara mbili. Hakushuka; akatoa nauli ya kuendelea hadi kwa kaka yake.